Msiwaambie watu wazime prosesa zao

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wenzako wote hapo gazetini. Naandika kuhusu ile makala ya ukurasa wa teknolojia ya Jumamosi iliyopita, ile iliyoeleza jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kuwaazima wanasayansi kompyuta yake muda ambao haitumii. Kwanza nishukuru, manake habari hizi kwa Kiswahili ni za kutafuta kwa tochi, na mi mwenyewe nipo kwenye mambo haya tangu enzi za SETI@home, ule mradi wa kutafuta dalili za viumbe wengine huko angani ulioanza Mei 1999 pale Berkeley ukaacha kugawa kazi Machi 2020. Makala ilikuwa inakwenda vizuri mpaka nilipofika pale mwandishi wenu aliposema asiye na kadi ya grafiki, ile ya kuchorea picha za gemu, asijisumbue, prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, siku hizi ni kuchoma umeme bure. Hapo ndo nilipokwama, na labda ningenyamaza tu kama sentensi hiyo isingekuwa imeshaingia kwenye familia yetu.

Binti wa kaka yangu ana kompyuta ya mezani ya zamani kidogo, prosesa ya viini vinne, yaani sehemu nne za kupiga hesabu, kadi hana. Miaka miwili sasa kompyuta hiyo inafanya kazi za Rosetta@home, mradi wa kutafuta maumbo ya protini, huku mwenyewe anasoma au amelala. Jumapili akanipigia simu kwa unyonge, "Baba mdogo, nimeshaifuta ile programu, gazeti limesema kompyuta kama yangu haina mchango." Nikamuuliza haina mchango kwa nani? Akakaa kimya. Sasa jamani, kazi za Rosetta@home ni za prosesa tu, mwanzo mwisho, hata ukiwa na kadi kubwa kuliko zote duniani kwenye mradi ule itakaa inakutazama. Ule ni mradi wa maabara ya David Baker pale Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ulianza 2005, na Baker huyohuyo ndo alipata Nobel ya kemia mwaka 2024 kwa kazi ya kubuni protini kwa kompyuta. Binti wa watu alikuwa anasaidia sayansi ya ngazi hiyo na viini vyake vinne, afu anaambiwa hana mchango.

Mtu akiniuliza kipi bora kati ya prosesa na kadi, namuuliza kwanza anataka kusaidia mradi gani, manake jibu linatoka huko. Na ili lieleweke inabidi mtu ajue kidogo hivi vitu viwili vinafanyaje kazi, jambo ambalo makala yenu ililipita mbio mbio.

Prosesa ina viini vichache, vinne, vinane, kumi na sita, lakini kila kimoja ni fundi kamili, unampa kazi yake anaifanya peke yake, akifika njia panda anaamua mwenyewe, akikosa kitu anajua pa kukitafuta na mwenzake wa pembeni anaendelea na yake bila kumngoja. Kadi ya grafiki ina viini maelfu, mfano GeForce RTX 3060 niliyo nayo mimi ina viini 3,584, ila vile ni vidogo na haviendi kila kimoja kivyake. Kwenye kadi za NVIDIA vinapangwa makundi ya nyuzi 32, uzi ni mfululizo mmoja wa amri, na kundi lote linatekeleza amri ileile kwa wakati mmoja. Fikiria watu 32 wanalima kwa mstari, majembe yote yanapanda pamoja na kushuka pamoja, shamba likiwa laini hakuna fundi wa kuwafikia kwa kasi, ila wakikuta njia panda, nusu yao wanatakiwa wang'oe kisiki na nusu waendelee kulima, basi wanaong'oa wakiwa wanang'oa wengine wote wanasimama kuwangoja, afu wanabadilishana. Kazi yenye "kama hivi fanya vile" nyingi inaiua kadi kabisa, na kazi ya kurudia hesabu moja mara milioni juu ya namba tofauti inaiacha prosesa mbali sana.

Ndo maana Folding@home, wanaoigiza jinsi protini zinavyojikunja na kutikisika, wanapenda sana kadi. Kila atomu inavutwa na kusukumwa na atomu nyingine, hesabu ni ileile, atomu ni nyingi mno, hapo mstari wa majembe unapata shamba lake. Walianza kutumia kadi tangu 2006, na Machi 2020 watu walipojitokeza kwa wingi kwa sababu ya korona mtandao ule ulivuka exaflop moja, yaani hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde, wakati kompyuta kubwa ya kwanza kutambuliwa kwenye TOP500, orodha ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani, kuwa imefika hapo, ile Frontier ya Marekani, ilitokea Mei 2022. Mi nakumbuka siku zile kadi yangu ya wakati huo ilikuwa inakaa hata nusu siku inaomba kazi haipati, seva zimezidiwa na watu wenye moyo. Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya, kadi naipenda na ninayo, na kwa Folding@home au Einstein@Home, ule wa kutafuta nyota zilizokufa, siwezi kumshauri mtu mwenye kadi aiache ikae bure.

Lakini njoo upande wa pili. Climateprediction.net ya Oxford, iliyoanza 2003, inaendesha mifano ya hali ya hewa iliyotoka kwa watu wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza, programu za Fortran, lugha ya zamani ya kompyuta, zilizoandikwa kwa miaka mingi na watu wengi, zimejaa njia panda, mawingu yakifika hapa fanya hivi, ardhi ikikauka fanya vile, na kazi moja inaweza kuchukua siku au wiki nzima. Hiyo inataka prosesa. World Community Grid, iliyoanzishwa na IBM mwaka 2004, ilikuja kuwa na mradi wa kuigiza mvua za Afrika kusini ya Sahara kwa undani wa kilomita moja, na wenyewe ulikuwa wa prosesa. Mwandishi wenu akiambia watu prosesa wazime, hiyo mvua nani aihesabu?

Kuna jambo moja tena ambalo kwa maoni yangu ndo kiini cha ugomvi wote huu, na kwenye makala yenu sikuliona hata kwa neno moja. Kwenye boksi la kadi wanaandika namba kubwa, mfano hiyo RTX 3060 inatajwa kufanya hesabu trilioni 12.7 kwa sekunde. Mtu anaona namba hiyo anasema kwisha habari, prosesa haina lake. Kumbe hizo ni hesabu za usahihi wa kawaida, ambapo namba inabebwa na tarakimu kama 7 tu. Kwa michezo zinatosha, na kwa protini pia sehemu kubwa zinatosha, lakini kuna sayansi ambayo kosa dogo kwenye tarakimu ya nane linaongezeka kila hatua mpaka jibu lote linaharibika, na hiyo inataka usahihi maradufu, tarakimu 15 au 16. Ukiiambia RTX 3060 ifanye hesabu za usahihi maradufu inashuka mpaka sehemu moja ya 64 ya kasi yake, yaani kama trilioni 0.2 tu. Sasa chukua prosesa ya Ryzen 9 5950X ya viini 16, kwa karatasi ukipiga hesabu ya mizunguko yake ya kawaida unapata karibu trilioni 0.87 za usahihi huohuo maradufu. Prosesa imeipita kadi zaidi ya mara nne! Na kinachonishangaza kuliko vyote ni kwamba kadi ya zamani ya Radeon HD 7970, iliyotoka kama miaka tisa kabla ya hiyo RTX, inafika trilioni 0.95 kwa usahihi maradufu. Si kwamba watengenezaji walisahau kutengeneza, wameamua kadi za watu wa kawaida zipewe vitengo vichache vya hesabu hizo, na zile zenye vitengo kamili ziuzwe kwa vituo vya data.

Mfano mzuri wa hili ni GIMPS, wale wanaotafuta namba tasa kubwa tangu 1996. Kazi yao inategemea usahihi maradufu, na kwa miaka 28 kila namba tasa waliyoivumbua ilipatikana kwa kompyuta za kawaida zenye prosesa, hata ile ya Desemba 2018 ilipatikana kwa Core i5 ya kawaida tu, chipu ambayo leo mtu anaionea aibu. Oktoba 2024 ndo kwa mara ya kwanza kadi ikashinda, namba ya tarakimu 41,024,320, aliyeipata ni Luke Durant, na kadi yenyewe ilikuwa NVIDIA A100, ambayo ni ya kituo cha data, siyo ya kuchezea gemu nyumbani. Kwa hiyo hata pale kadi iliposhinda ilishinda kwa sababu ilikuwa ya ile aina yenye usahihi maradufu. Mtu akisoma kichwa cha habari tu anasema umeona kadi ndo kila kitu, anakwenda kutafuta kadi ya gemu kwa ajili ya namba tasa, anaishia kujilaumu.

Najua habari ya kujilaumu kwa sababu yamenikuta. Kadi yangu ya kwanza niliichukua kwa mtu aliyeniapia kwamba ni kiboko ya hesabu zote za kisayansi, na mi nikameza kwa kuwa sikujua kuuliza. Nikaifunga, nikaiunganisha na mradi uliokuwa unataka usahihi maradufu, kazi ya kwanza ikachukua muda karibu sawa na prosesa yangu, tofauti ni kwamba feni zilikuwa zinavuma usiku kucha na chumba kimekuwa kama jiko. Nikadhani draiva, ile programu ya kuendeshea kadi, ndo mbovu. Wiki nzima nabadilisha draiva. Hakuna kilichokuwa kibovu, nilikuwa nimenunua jembe kwa kazi ya randa.

Sasa kuhusu lile jedwali mlilochapa la pointi, zile ambazo miradi inawapa watu kwa kazi waliyofanya. Mwandishi amepanga prosesa na kadi kwa pointi kwa siku akaonyesha kadi inapata mara kumi na kitu zaidi, na ndo ushahidi wake mkubwa. Pointi jamani si kipimo cha sayansi. Kwenye BOINC, programu inayogawa kazi za miradi mingi ya aina hii, asili yake ni kwamba kompyuta yenye uwezo wa hesabu bilioni moja kwa sekunde ikifanya kazi siku nzima ipate pointi 200, hiyo ilikuwa nia, lakini kila mradi unagawa kivyake na wengine wana mkono mrefu kuliko wenzao, kwa hiyo kulinganisha pointi za mradi huu na ule ni kama kujumlisha kilo na mita. Folding@home nao wana bonasi ya kurudisha kazi mapema, kwa sababu kila kipande cha kazi kinaanzia pale kilichotangulia kilipoishia, ukichelewa wewe mnyororo wote umesimama, hiyo sababu ni ya haki kabisa. Ila matokeo yake ni kwamba kadi yenye kasi mara 2 haipati pointi mara 2, inapata karibu mara 2.8. Ukichukua jedwali kama hilo ukasema hii ndo tofauti ya nguvu ya kadi na prosesa, umewadanganya watu hata kama hukukusudia.

Kipimo ninachokiamini mimi ni kazi ngapi zimekamilika na kukubaliwa kwa kila uniti ya umeme, ndani ya mradi uleule mmoja. Hapo sina ubishi, kwenye mradi unaofaa kadi, kadi inashinda na kwa mbali. Kwenye mradi wa prosesa, prosesa mpya inaishinda ya zamani kwa mbali vilevile na hili ningependa watu waambiwe waziwazi, kama chipu yako ni ya miaka mingi sana inakula umeme mwingi kwa kazi kidogo, hapo ushauri wa kuzima una ukweli wake. Lakini wapewe hesabu waamue wenyewe. Kadi ya wati 170 ikikesha saa 24 inakula uniti 4 na kidogo kwa siku, kwa mwezi kama 122. Prosesa ya wati 65 ni uniti 1.56 kwa siku, kwa mwezi kama 47, na hapo sijaweka ubao mama na feni na upotevu wa pawa saplai, ndo maana mi natumia kile kimita cha kuchomeka ukutani na kusoma mashine nzima badala ya kuamini namba ya kwenye boksi.

Kitu kingine ambacho watu hawaambiwi ni kwamba kadi haihitaji kupewa umeme wote inaotaka. Yangu nimeiwekea kikomo cha wati 120 badala ya 170, kazi iliyokuwa inamalizika kwa dakika 20 sasa inamalizika kwa 22, joto limeshuka, feni zimetulia, na wenye nyumba wanalala. Prosesa nazo ni hivyohivyo, nyingi ukizipunguzia wati kidogo kasi inashuka kidogo sana kuliko umeme uliookoa, zile asilimia chache za mwisho za kasi ndo zinakula wati kama moto unavyokula nyasi kavu.

Na hivi viwili vinategemeana, hili nalo niliseme maana ndo kosa linalowapata wageni wengi. Kadi haifanyi kazi peke yake, kuna uzi mmoja wa prosesa unaoilisha data. Mwaka juzi nilikuwa na prosesa ya nyuzi 8, nikajaza kazi zote 8 za prosesa na juu yake nikawasha kadi, nikaona nimefika. Nilipofungua grafu ya matumizi ya kadi ilikuwa kama meno ya msumeno, inapanda asilimia 95 inashuka 30, inapanda inashuka, kazi ya dakika 20 inachukua 40. Nikashangaa nusu saa naitazama. Nikaingia kwenye mipangilio ya BOINC nikaandika itumie asilimia 88 ya prosesa, yaani nyuzi 7 kati ya 8, na palepale ile misumeno ikawa mstari ulionyooka pale juu, kama mtu aliyekuwa anatweta amepata pumzi. Uzi mmoja tu! Prosesa ambayo mwandishi wenu anaiita ya kupoteza umeme ndo ilikuwa imeshika uhai wa kadi.

Wenye laptopu nawasihi waende polepole. Laptopu haikutengenezwa kukesha na mzigo wote, vumbi kidogo tu kwenye tundu za hewa na joto linapanda mpaka prosesa inajipunguzia kasi yenyewe, na betri iliyokaa kwenye joto miezi inavimba. Nusu ya viini inatosha, na ufuatilie joto siku za kwanza. Wale wanaopenda kuongeza kasi ya chipu kuliko kiwandani ilivyopangwa nao wajue kwamba kwenye gemu kosa moja la hesabu ni nukta moja ya rangi hujaiona, kwenye sayansi kosa hilohilo linafanya kazi ya saa nane ikataliwe. Miradi mingi inatuma kipande kilekile kwa watu wawili ikalinganisha majibu, yasipofanana anatafutwa wa tatu, kwa hiyo haraka yako inakuwa imewaongezea wengine mzigo.

Na kompyuta ndogo zinagundua vitu, hili siyo la kufarijiana. Agosti 2010 Einstein@Home walitangaza pulsa mpya, nyota iliyokufa inayozunguka kama mara 41 kwa sekunde, J2007+2722, na iliyoikuta kwenye data ya darubini ya Arecibo ni kompyuta za watu wa kawaida, moja Marekani nyingine Ujerumani. Kipande kile kingeweza kwenda kwa yeyote kati ya waliojiunga.

Ombi langu kwako Mhariri ni kwamba mchape masahihisho, kwenye ukurasa uleule na kwa herufi zinazoonekana, mseme kwamba ipo miradi ya prosesa tupu, mtaje hata mitatu, na muwaambie watu waangalie mradi wanaoutaka unakubali nini kabla ya kufuta programu au kununua chochote. Binti wa kaka yangu nilimweleza haya haya kwa simu, akairudisha programu jana usiku, na leo asubuhi amenitumia picha ya skrini, kazi nne zinakwenda sambamba, mbili ziko asilimia 31, moja 30, moja 28. Yeye alikuwa na wa kumpigia simu. Wengine waliofuta kwa sababu ya makala ile watawasikia ninyi tu.

Wako,
Msomaji wa kila Jumamosi